Mkono Wangu wa Kuume na Maua ya Vanila

Kama unasoma haya na kidonge chako cha asubuhi bado kiko kwenye karatasi yake, kimeze kwanza, halafu urudi. Nitakungoja. Kungoja ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, na ndiyo iliyoniangusha.

Jina langu ni Kavira, lakini mjini Butembo, huku mashariki ya Kongo, wananiita Mama Masika, kwa jina la binti yangu. Tangu baba yake afariki niliuza vitenge katika soko la mtaa wetu, Kimemi. Naomba ijulikane mapema kwamba mimi si mvivu. Kwetu Wanande mtu akikuita mvivu amekutukana wewe pamoja na waliokuzaa. Niliamka kabla ya majogoo, nikafagia, nikapika, na meza yangu sokoni ilikuwa imepangwa wakati wenzangu bado wananawa uso. Kazi ya mteja niliifanya leo. Kazi ya kanisa niliifanya leo. Kazi ya mwili wangu tu ndiyo niliyoiwekea kesho.

Daktari wa dispensari moja karibu na soko ndiye aliyeniambia nina tansio, yaani damu yangu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Akanipa vidonge, kimoja kila siku.

"Kila siku?" nikamwuliza. "Hata siku ile sisikie mubaya?"

"Hata siku ile, mama. Zaidi siku ile."

Nilitoka pale nikicheka moyoni. Kwa akili yangu kidonge kilikuwa cha mtu anayeumwa, na mimi nilikuwa nabeba robota la vitenge begani bila kusaidiwa. Tena mwanamke akionekana anameza dawa kila asubuhi, majirani wanaanza kumsalimia kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nilimeza siku kichwa kilipouma. Siku kichwa cha jirani kilipouma, nilimgawia na yeye, kama mtu anavyogawa chumvi. Nilijiona mtu mwema.

Masika wakati huo alikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo cha ualimu pale Butembo, akisomea kufundisha biolojia. Kila asubuhi alisimama mlangoni na vitabu vyake kifuani.

"Mama, ulimeza?"

"Bado. Nitameza nikirudia toka ku soko."

"Mama, unapashwa kumeza!"

"Hapa mu nyumba, ni nani alizaa mwenzake?"

Neno hilo, unapashwa, yaani ni lazima, likinifikia sikioni, kuna kitu ndani yangu kinakunja mikono na kukaa chini. Sijui nilizaliwa nacho au nilikiokota njiani. Kurudi kupimwa, nilisema nitaenda tukishavuna maharage. Maharage yakavunwa, nikasema baada ya kwaya ya Noeli, kwa sababu naimba sauti ya pili na haiwezekani kukosa mazoezi. Baada ya Noeli nikasema Pasaka. Na huku mteja akisitasita juu ya kitenge nilikuwa mwepesi wa kumwambia ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nilianguka siku ya Jumamosi, soko limejaa. Nilikuwa nakunja kitenge cha kijani mbele ya mteja, ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono huu, na ile ncha ya kuume ikaniponyoka. Niliinama kuiokota. Mkono ukakataa. Nikataka kumwambia yule mama samahani, na mdomoni ukatoka uji wa maneno. Alinikodolea macho, halafu akapiga kelele. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilipata la zaidi: guu, mkono na nusu ya mdomo.

Ya hospitali ya Butembo, ambako walisema ni kiharusi, nayakumbuka vipande vipande, dari, harufu ya dawa ya kusafishia, Masika amelala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Nilipoanza kuelewa wanayosema watu, nilielewa kwanza kwamba siku zile zote hakuwa ameenda darasani.

Waliniruhusu mvua zikiwa bado kali. Nyumbani Kimemi ngazi ni nyingi na maji yako chini kwenye mteremko, kwa hiyo mdogo wangu Kasereka alikuja kunichukua, akanipeleka kwake Kalunguta, kwenye njia ya kwenda Beni, ambako analima mihogo, kahawa na vanila. Masika alikuja nasi. Alifunga vitabu vyake ndani ya kifurushi, akasema atarudi mama akipona kidogo. Hakuna aliyemwuliza kidogo ni kiasi gani.

Nitasema wazi jinsi mwili ulivyokuwa, maana mimi hakuna aliyeniambia. Mate yalinitoka upande mmoja bila mimi kujua. Mguu niliuburuta. Mkono wa kuume ulining'inia, mzito, na usiku wa baridi uliuma mpaka begani. Binti yangu aliniogesha sehemu ambazo mama haogeshwi na mtoto wake. Alinishikia beseni nikijisaidia, akaniosha, akaenda kumwaga, akarudi anaimba. Kisha akanisimamisha na kunifunga kitenge kiunoni, kwa sababu fundo la kitenge linataka mikono miwili.

Siku moja, akiwa ananifunga, alisema kwa utani, "Ile siku utafunga fundo yako mwenyewe, njo nitarudia ku masomo."

Tulicheka. Lakini wote wawili tulijua kwamba hicho ndicho kipimo. Ukiweza kufunga kitenge, unaweza kuvaa, kupika, kujiosha, na mtoto wa watu anaweza kwenda zake. Mwaka wake wote wa chuo ulikuwa umening'inia kwenye mkono wangu ule.

Daktari aliniandikia mazoezi, na mtu wa mazoezi, ambaye wote tunamwita kinesi, alikuwa Beni. Tulienda kwa pikipiki, dereva mbele, Masika nyuma, mimi katikati kama gunia la mihogo lililovishwa koti. Huko tulikaa kwenye benchi refu la mbao na kungoja. Kwenye benchi la wagonjwa watu wanajuana haraka. Kulikuwa na askari mmoja aliyetoka mbali, upande wa Kikwit, ambaye kiwiko chake kilikuwa kimevunjwa vibaya. Hata kabla ya kuitwa alikuwa akiminya kitambaa kilichoviringishwa kama mpira, jasho likimtoka.

"Papa, hapana choka?" nikamwuliza. Mdomo wangu ulikuwa bado mzito, alinielewa niliporudia.

"Nachoka sana, mama. Lakini niko na mutoto kule kwetu, alizaliwa miye niko huku. Sijamubebaka hata siku moja. Nataka nimubebe na mikono yote mbili."

Akaendelea kuminya. Alinigawia nusu ya hindi lake la kuchoma, akalipukuchua kwanza kwa sababu aliona meno yangu ya upande mmoja hayana kazi. Sikumwona tena baada ya hapo.

Kinesi alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali, mpole kwa mikono lakini sauti yake ilikuwa ya mkaguzi wa shule. Alinipa mpira wa sponji. Kuminya asubuhi, mchana na jioni. Kidole gumba kukigusisha kila kidole kingine.

"Mama, ni obligatoire," alisema. "Hapana cheza na hii. Unapashwa."

Ndani yangu kile kitu kikakunja mikono kikakaa.

Mpira niliuweka chini ya mto. Kila asubuhi niliuhisi pale chini ya kichwa, nikasema nitaanza baada ya chai. Baada ya chai nikasema jua likipanda, mkono upate joto. Jioni nilikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni hafanyi mazoezi. Safari ya pili Beni, kinesi akauliza kama nafanya. Nikasema nafanya. Masika alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliangalia vidole vyake.

Mimi niliyekuwa nakesha kwa ajili ya robota la vitenge nilishindwa kuminya sponji. Nilijichukia kwa hilo. Nilijisemea maneno makali kuliko ya kinesi: wewe ndiye uliyejiangusha, wewe ndiye uliyemtoa mtoto shuleni, na sasa hutaki hata kukunja kidole. Nilidhani nikijilaumu vya kutosha nitaamka na kufanya. Mambo yakawa kinyume. Kadiri nilivyolaumiwa, na mimi mwenyewe nikiwa mlaumu, ndivyo nilivyougeukia ukuta. Aibu haikuwahi kunikunjia hata kidole kimoja.

Asubuhi moja nilimsikia Masika nyuma ya jiko akizungumza kwenye simu na rafiki yake wa chuo. "Hapana, miye bado," alisema. "Mama hajaweza. Munisalimie bote." Hakulalamika. Angelalamika, ningepata pa kumkasirikia. Nikaapa kuanza kesho, na ile kesho ikaja ikapita kama dada zake.

Kisha mvua zikapungua, na vanila ya Kasereka ikaanza kutoa maua.

Asiyelima vanila huenda hajui kwamba ua lake haliwezi kuzaa peke yake. Linafunguka asubuhi na mapema, na jua likifika utosini ua limeanza kufunga, basi. Asubuhi ile ile lazima mtu aje na mwiba mdogo, apasue mdomo wa ua, ainue ngozi ndogo inayotenganisha dume na jike, halafu akandamize kwa kidole gumba mpaka vishikane. Wakulima wetu wanaita kuoza maua, kwa maana ni ndoa. Ukifaulu, kesho yake ua limebaki limeshikilia mti. Ukikosea, utalikuta limeanguka.

Siku moja Kasereka na mke wake walikuwa wameenda Butembo kwenye kilio cha kaka ya mke, na kwenye kilio chetu huwezi kusalimia ukaondoka. Watoto wao walikuwa shuleni, na Masika alikuwa mtoni na nguo zangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, na mbele yangu, kwenye miti ya kwanza kabisa iliyotambaliwa na vanila, maua yalikuwa yamefunguka, rangi ya kijani hafifu, mengi, na hakuna mtu. Nilitazama jua. Nilitazama maua. Jamani, mwanamke wa Kinande umwekee kitu kinachoharibika mbele ya macho yake halafu umwambie akae? Nilikasirika. Nilijivuta na mguu wangu hadi pale, nikavunja mwiba kwenye mndimu.

Ua la kwanza nilililarua. La pili pia. Mkono wa kushoto ulishika mwiba, lakini bila mkono wa pili kushikilia ua na kukandamiza, ndoa haifungiki. Nikauinua ule wa kuume kwa kushoto, nikaukwamisha juu ya tawi, nikauambia, sogea. Sikuuambia unapashwa. Niliuambia kama unavyomwambia mwenzako kazini, sogea basi, jua linapanda. Kidole gumba kilitetemeka, kikasogea kidogo kama kinachosikiliza. Niliharibu maua mengi asubuhi ile. Nilipochoka nilikaa chini kwenye majani makavu, nimelowa jasho, na Masika akanikuta hapo akadhani nimeanguka tena.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naoza."

Alinitazama, halafu akacheka mpaka akaangusha beseni la nguo.

Kesho yake niliamka kabla ya wote, kama zamani, kwa sababu nilitaka kuona. Karibu yote yalikuwa chini. Moja lilikuwa limebaki. Niliita nyumba nzima kuja kuliangalia lile moja, hata kuku walikuja.

Tangu siku hiyo, msimu wote wa maua, sikukosa asubuhi. Sikuita mazoezi. Ningeita mazoezi, ningeyaahirisha. Nilikuwa nalala nikiwaza miti ipi itafunguka, na vidonge nilimeza mapema ili nisikatizwe huko shambani. Safari iliyofuata Beni, kinesi aliushika mkono wangu, akakigeuzageuza kidole gumba, akaniambia, "Unaona sasa? Ile balle inasaidia." Mpira wenyewe watoto wa Kasereka walikuwa wameshaupiga mateke mpaka umepasuka. Nilimwambia aksanti.

Lakini hatia ni mjanja, ilinifuata hadi kwenye vanila. Nilianza kuhesabu kwamba kila ua ni la Masika, kwamba nitamrudishia mwaka wake ua kwa ua, na nikaoza yote. Kila shada, kila ua, sikuacha hata moja lianguke. Kasereka alipopita kukagua alishika kichwa.

"Yaya, dada yangu! Umeoza kijiji kizima!"

"Kwani iko mubaya?"

"Ku kila shada tunaozaka kidogo tu, zingine tunaacha zinaanguka. Huu mumea itazaa yote kwa mara moja, kisha itakufa. Weye unataka kuiua juu ya kuipenda?"

Akaanza kuvichuma vile vitunda vya kijani, vidogo kama kucha, na kuvitupa. Nililia. Alidhani nalilia vanila.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita upesi. Asubuhi moja, Masika akiwa nje anawasha moto, nilichukua kitenge kitandani, nikakizungusha kiunoni. Ncha ya kushoto, ncha ya kuume. Kidole gumba kikakandamiza kama kinavyokandamiza ua. Fundo likafungika. Nilisimama nikalitazama. Kisha nikalifungua, nikakaa kitandani, nikaita, "Masika, kuya unifunge."

Alikuja akanifunga.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Mikono yake kiunoni kwangu kila asubuhi, kichwa chake karibu na kifua changu, harufu ya moshi kwenye nywele zake. Nilikuwa nimeizoea. Niliogopa kubaki peke yangu na mwili ulionisaliti mara moja sokoni. Nikasema kesho nitamwonyesha. Kesho ikafika nikasema wiki hii baridi ni kali, atasafirije. Chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa, watu walikuwa wanajiandikisha, na mimi najua kufunga fundo na sisemi. Nilijiambia kila siku unapashwa kumwachilia, wewe mama gani. Na wewe msomaji umeshajua neno hilo linanifanyaje.

Maua ya mwisho ya msimu yalipofunguka, nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti changu, na Masika alikuwa kwenye miti pamoja na watoto wa mjomba wake na wengine wa jirani. Alikuwa amepasua ua moja, ameshika mwiba kama chaki.

"Hii ni nini?"

"Bibi arusi!"

"Na huyu amekaa huku juu?"

"Bwana!"

"Na nani anabakataza kukutana?"

Walipiga kelele wakitaja ile ngozi, wakasukumana ili waione. Sauti yake ilikuwa imepanda, mabega yake yamenyooka, anatembea mbele yao kama darasani. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Butembo. Kwenye kitanda changu aliongea kwa sauti ya watu wanaoongea karibu na wagonjwa. Niliitamani ile nyingine. Nilitamani niisikie tena na tena, watoto wengi wakimjibu, hata kama ni mbali na mimi. Hakuna aliyeniambia unapashwa. Nilitaka tu, kama nilivyotaka kuona ua lipi limebaki.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nje mwenyewe. Masika alikuwa ameinama kwenye moto. Aliinua macho, akatazama kiuno changu. Fundo lilikuwa limekaa upande, lakini lilikuwa fundo.

"Nimeweza," nikasema. "Tena siyo leo. Ni zamani kidogo. Nilikuficha."

Alipangusa mikono. "Nilikuwa najua, mama."

"Ulijua namna gani?"

"Mbele ulikuwa unajaribu kwanza, unakasirika, unatupa kitenge chini, njo unaniita. Kisha ukaanza kuniita bila kujaribu."

Nilitafuta pa kukaa. "Na juu ya nini hukusema?"

"Ningesema nini? Unapashwa?" Akatabasamu, lakini macho yalikuwa na maji. "Ile neno inakufungaka mikono. Nikasema nitangoja."

"Na kama ningenyamaza mpaka inscription ya chuo inapita?"

Aligeuza kuni motoni. Mpaka leo, nikiwa na afya, nikiwa nimekula, jibu lile ambalo hakulitoa linanikuta mahali popote.

Alijiandikisha kabla muda haujapita. Wenzake wamemtangulia mwaka mzima, na mwaka ule sina pa kuuchuma nimrudishie. Mimi nimebaki Kalunguta. Mguu bado unaburutika nikichoka, na kwenye kwaya ya hapa nimepewa kuimba nimekaa. Kidonge changu nameza asubuhi nikimpigia Masika kabla hajaingia darasani, simu sikio hili, maji mkono huu. Haniulizi kama nimemeza. Ananiambia watafundishwa nini siku hiyo, na mimi nameza huku namsikiliza. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimwambie anapashwa. Mwulize anatamani nini, na kama hajui, mkalishe mahali ambapo kuna kitu kinafunguka.

Siku aliyoondoka tulisimama kando ya barabara na kifurushi chake cha vitabu. Gari la Butembo lilipofika liliharakisha, hata kukumbatiana hatukukumbatiana vizuri. Alikaa dirishani. Nilinyanyua mkono wa kuume, ule ule, nikampungia kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na kwa kupunga kule kitenge kikalegea kiunoni, kikaanza kushuka juu ya sketi mbele ya watu wote wa stendi. Aliona. Alifungua mdomo kama anataka kuteremka.

Nikamwonyesha kwa kichwa, nenda. Gari lilipopita kona nilikuwa bado nashika zile ncha mbili. Nilikifunga hapo hapo barabarani, polepole, na sikumwita mtu.